Bomba halisukumi, nozeli inaziba, majani yanaungua: kutafuta chanzo kwenye bomba la kilimo hai

Bomba la kupulizia likigoma katikati ya shamba, mikono hukimbilia kukaza. Tunakaza kifuniko, tunakaza nozeli, tunakaza kiungo cha mpira mpaka nyuzi za plastiki zinalika, na tatizo liko palepale. Swali linalookoa muda huulizwa kabla ya kugusa chochote: mara ya mwisho ndani ya tangi kulikuwa na nini, na kilikaa humo muda gani?

Vitu tunavyopulizia katika kilimo hai vina tabia zake. Mafuta ya mwarobaini huwa mazito na kuganda hali ya hewa ikipoa. Sabuni hukatika ikikutana na maji magumu. Salfa, mrututu (salfeti ya shaba) uliochanganywa na chokaa, na kaolini (udongo mweupe laini) ni unga usioyeyuka. Unaelea tu majini, na ukipita kwa kasi unasugua kama msasa. Chai ya mboji, yaani maji yaliyolowekwa mboji, ina viumbe hai ambavyo haviachi kuishi kwa kuwa wewe umemaliza kazi. Vinaendelea kuzaliana ndani ya mpira wa kupitishia dawa na kutandaza utando wa ute. Kila kimoja huharibu bomba kwa njia yake na kuacha alama yake, na mwenye kuijua alama hiyo anajua pa kufungua.

Kipimo cha kwanza kwa dalili yoyote ni maji safi. Mwaga mchanganyiko kwenye ndoo, suuza, jaza maji matupu, kisha pulizia. Dalili ikipotea, kosa liko kwenye mchanganyiko wako. Ikibaki, kosa liko kwenye bomba. Nimeona watu wakibadilisha pampu nzima kwa sababu ya maji ambayo hayakuchujwa, na kipimo hiki cha dakika 5 kingewaonyesha.

Kabla ya kufungua kiungo chochote, elekeza fimbo ya kupulizia chini na ubonyeze triga mpaka presha iishe yote. Vaa glavu na miwani. Neno "hai" kwenye kilimo chetu halizuii mrututu kuunguza jicho wala salfa kuwasha ngozi. Fanyia kazi juu ya sinia au kitambaa cheupe, maana gololi ya valvu ikidondokea kwenye majani huipati tena.

Unapiga pampu lakini presha haipandi

Mpini wenyewe utakuambia, ukiusikiliza kwa mkono.

Ukiwa mwepesi mno, unapanda na kushuka kama haujashika kitu, pampu haivuti au inavuta hewa. Anza na kilicho rahisi: chujio la chini ya tangi huenda limefunikwa na tope. Kisha tazama washa ya pistoni, ile yenye umbo la kikombe. Bomba lililokaa miezi bila kazi huwa na washa iliyokauka na kunywea, haigusi tena kuta za silinda. Kama ni ya ngozi, iloweke kwenye mafuta ya kupikia usiku kucha, halafu itanue midomo yake kwa kidole kabla ya kuirudisha. Kama ni ya mpira, paka grisi ya silikoni kiasi kidogo. Ikiwa mdomo umepasuka, hata kwa ufa mdogo unaouona ukiukunja tu, usihangaike nayo, weka mpya.

Washa ikiwa nzima, tuhuma zinahamia kwenye valvu. Niliwahi kuletewa bomba la mgongoni ambalo mwenyewe alikuwa amelitangaza limekufa. Pistoni nzima, washa nzima, mpira mzima. Nilipochomoa valvu ya kuvutia, gololi yake, ndogo kama punje ya pilipili manga, ilikuwa imeng'ang'ania pembeni mwa kiti chake kwa kitu cheupe kinachonata, kama mtindi uliokaukia kwenye kijiko. Nikainusa: sabuni na mwarobaini. Maji ya pale yalikuwa magumu, sabuni ikakatika, yale mabonge yakajikusanya mahali pembamba kuliko pote. Niliiloweka kwenye siki, kisha nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Nilipoitikisa karibu na sikio gololi ilicheza, tik, tik. Bomba lilirudi shambani siku hiyohiyo na vipuri vyake vilevile.

Mpini ukiwa mgumu kuliko kawaida, pampu inasukuma lakini njia ya kutokea imeziba. Toa nozeli ubonyeze triga. Maji yakitoka kwa nguvu, nozeli ndiyo yenye kosa. Yasipotoka, rudi nyuma hatua moja hadi chujio la ndani ya kishikio, kisha mpira, kisha valvu ya kutolea. Ukienda kwa mpangilio huo hutafungua usichopaswa kufungua.

Kwenye bomba dogo la kushika mkononi, lile unalojaza hewa kwanza ndipo unapulizia, kuna dalili inayowashangaza wengi: mpini unajiinua wenyewe, na ukiuchomoa unakuta dawa imepanda juu ya pampu. Kimpira cha valvu kilicho kwenye mguu wa pampu hakifungi. Presha ya tangi inarudi ndani ya silinda na kusukuma mpini juu. Mara nyingi kuna chembe tu chini yake, ioshe. Kikiwa kimejikunja au kukakamaa, kibadilishe. Na kama presha inapanda vizuri halafu inashuka polepole hata bila kupulizia, paka povu la sabuni kuzunguka kifuniko na viungo vyote. Panapotoa mapovu ndipo penye oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) mbovu.

Kuhusu oringi kuna jambo ambalo watumiaji wa mwarobaini wanapaswa kulijua. Mpira si wa aina moja. Ule wa EPDM huvumilia vizuri asidi na alkali lakini haupatani na mafuta. Ukikaa nayo huvimba, huwa laini, mwisho haurudi kwenye mfereji wake. Mipira ya NBR na FKM huvumilia mafuta. Oringi ikitoka imenenepa kuliko ilivyoingia, sababu ni hiyo, na kuweka nyingine ya aina ileile ni kuahirisha tu. Kwa sababu hiyohiyo nashauri grisi ya silikoni badala ya grisi ya magari au mafuta mgando ya kupaka: inafaa karibu mipira yote ya bomba, isipokuwa ile iliyotengenezwa kwa silikoni yenyewe.

Dawa inatoka kwa midundo, au inakata ghafla

Bomba la mgongoni lenye mpini lina chemba ya hewa. Hewa iliyobanwa ndani yake ndiyo inayosawazisha msukumo kati ya pigo moja la mpini na jingine. Chemba ikijaa maji, hakuna tena kinachobanika, na dawa hutoka kwa kudunda kulingana na mkono wako. Toa presha, mwaga tangi, lipindue chemba imwagike, kisha uanze upya. Ikijaa tena baada ya muda mfupi, kagua nyufa kwenye chemba.

Dawa ikitoka vizuri kwa dakika chache kisha ikafifia, huku kuta za tangi zikibonyea ndani, usiguse pampu kabisa. Tundu la kupumulia kwenye kifuniko limeziba. Maji yanatoka, hewa haiingii, mvuto unapingana na pampu. Lifungue kifuniko, osha kile kivalvu kidogo kwa mswaki, basi.

Nozeli inaziba kila baada ya tangi moja

Hapa ndipo wakulima wengi wa kilimo hai wanapopoteza asubuhi zao, na karibu kila mara kosa linaanzia kwenye ndoo ya kuchanganyia, nozeli inaonekana tu mwishoni.

Kwanza maji. Weka maji unayotumia kwenye chupa safi, tia matone machache ya sabuni yako ya kupulizia, funga na utikise kwa nguvu. Yakitoa povu zuri na kubaki angavu, endelea. Yakifanya mabonge meupe au utando unaoelea, ni magumu, na mabonge hayo ndiyo utakayoyachokoa kwenye nozeli baadaye. Tumia maji ya mvua kwa mchanganyiko wenye sabuni. Kuongeza sabuni ili kushinda ugumu wa maji kunaweza kuleta povu, lakini mabonge yanabaki na majani yanapata sabuni nyingi kuliko yanavyohimili.

Pili, mpangilio wa kuchanganya. Mafuta ya mwarobaini yasimwagwe moja kwa moja kwenye tangi. Weka sabuni kwenye maji kidogo ya uvuguvugu, tia mafuta kidogokidogo huku ukikoroga, mpaka upate kitu cheupe kama maziwa. Hicho ndicho kinachoingia kwenye maji mengi. Kwa kawaida mililita 5 hadi 10 za mafuta hutosha lita moja ya maji, lakini fuata lebo yako. Mafuta yakiwa yameganda, simamisha chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Usiyachemshe wala kuyaweka motoni, maana joto kali huharibu azadiraktini, kiini kinachofanya kazi ndani yake. Kwa unga, iwe salfa au kaolini, utengenezee uji mzito kwanza kwenye kopo, ponda mabonge yote, ndipo umimine kwenye tangi lenye maji nusu na kujazia.

Tatu, chujio lenye ukubwa unaofaa. Namba ya chujio ni idadi ya matundu kwa kila inchi: namba 100 ina tundu la karibu milimita 0.15, namba 50 karibu milimita 0.3. Chujio laini sana huonekana kama tahadhari nzuri, lakini kwa unga unaoelea na kwa chai ya mboji linaziba upesi. Kwa vitu hivyo namba 50 ndiyo salama zaidi, pamoja na nozeli yenye tundu kubwa. Nematodi rafiki wa shamba (minyoo midogo sana inayoua wadudu waharibifu) nao wanahitaji njia pana: toa chujio lolote lililo laini kuliko namba 50, vinginevyo unawachuja na kuwaacha ndani ya bomba.

Chai ya mboji, mkojo wa ng'ombe uliochachushwa na maji ya majani yaliyotwangwa vichujwe nje, kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, kabla havijafika kwenye tangi. Usikamue kitambaa mwishoni kwa papara ya kupata nusu lita iliyobaki. Kukamua huko ndiko kunakopitisha machicha.

Nozeli ikishaziba, itoe, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, na uisugue kwa mswaki laini. Mabaki ya chokaa na mrututu yanalainika kwa siki. Usitie sindano, waya, wala mwiba. Tundu lile limetengenezwa kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita, na mkwaruzo mmoja unageuza mnyunyizo milele. Na usipulize kwa mdomo, hata kama ndani kulikuwa na sabuni tu. Beba nozeli ya akiba mfukoni. Ikiziba shambani, badilisha na kusafisha ufanye ukirudi.

Matone makubwa, mnyunyizo unaegemea upande mmoja

Nozeli iliyoziba nusu hutoa mnyunyizo wenye pengo au unaotupia pembeni. Nozeli iliyolika ni msaliti zaidi, kwa sababu dawa inaendelea kutoka, tena kwa wingi, na hakuna anayelalamika mpaka dawa iishe kabla ya shamba. Shaba ya njano inaonekana imara lakini hulika upesi kwa salfa na kaolini. Chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, na kauri hudumu kuliko vyote.

Kipimo ni chupa yenye alama na saa. Piga pampu mpaka presha itulie, kinga maji ya nozeli kwa dakika moja kamili, rudia mara tatu uchukue wastani. Ikitoa zaidi ya asilimia 10 kuliko nozeli mpya ya aina hiyo, imekwisha. Nozeli bapa (za mnyunyizo wenye umbo la feni) nyingi zina rangi za kiwango cha ISO 10625, na kwa presha ya bar 3 ile ya chungwa hutoa karibu lita 0.4 kwa dakika, kijani 0.6, njano 0.8, bluu 1.2 na nyekundu 1.6.

Usijaribu kurekebisha kiasi kwa kupampu zaidi. Ili kutoa dawa mara mbili unahitaji presha mara nne, na kabla hujafika huko matone yatakuwa ukungu unaochukuliwa na upepo. Ukitaka dawa nyingi, badilisha nozeli.

Baada ya kuifungua nozeli ya koni, hakikisha kile kisahani chenye mifereji ya kuzungusha maji kimerudi upande wake. Kikigeuzwa, unapata mkondo badala ya koni, na watu hununua nozeli mpya kwa kosa hilo.

Inavuja

Kwenye nozeli baada ya kuachia triga: kuna chembe kwenye kiti cha valvu ya triga, au oringi yake imelika. Kwenye kiungo cha mpira: kata sentimita 2 za mwisho zilizotanuka, rudisha, kaza kwa mkono. Chini ya tangi, kwa bomba la kiwambo, yaani lenye utando wa mpira unaosukuma dawa badala ya pistoni: kiwambo kimepasuka na hakina matengenezo, kinabadilishwa. Mgongoni mwako ukiinama: kifuniko au gasketi yake, na hili lishughulikiwe siku hiyohiyo, maana mgongo uliolowa mrututu hauponi kwa kuuzoea.

Bomba la betri

Mota inazunguka lakini hakuna kinachotoka: hewa imenasa ndani ya pampu. Toa nozeli, washa mota, shika triga wazi, uishushe fimbo chini kuliko tangi mpaka maji yafuate. Mota inawaka na kuzima yenyewe huku triga imefungwa: presha inapotea mahali, ama kwenye kiungo ama kwenye valvu ya pampu, na swichi ya presha inafanya kazi yake kwa uaminifu. Mota haiwaki kabisa: fyuzi, kisha nyaya zilizopata kutu ya kijani, kisha betri.

Betri ya asidi na risasi ikiachwa tupu huharibika kabisa. Ichaji ukimaliza kazi, na kama haitumiki, irudie kila miezi miwili au mitatu. Ya lithiamu inapenda kuhifadhiwa mahali pa baridi ikiwa na chaji ya kiasi cha nusu.

Bomba ni zima, lakini majani yameungua

Tazama shamba lako kwa mpangilio uliopulizia. Mdomo wa kuvutia uko chini ya tangi. Unga huzama, kwa hiyo mchanganyiko usiotikiswa huanza na sehemu nzito: mistari ya mwanzo inaungua na ya mwisho inapata maji. Mafuta huelea, kwa hiyo mafuta yaliyojitenga hutoka mwishoni, na mistari ya mwisho ndiyo inayopata madoa yanayong'aa kisha kuwa kahawia. Ramani hiyo ya majeraha inakuambia kilichotokea ndani ya tangi bila kulifungua. Tiba ni kutikisa bomba kila baada ya hatua kadhaa, na kutoacha mchanganyiko ukae ukienda kula.

Ncha na kingo za majani pote shambani zikiungua, dawa ilikuwa kali au ulipulizia mpaka ikachuruzika na kukusanyika kwenye ncha. Ukitumia salfa, joto likizidi nyuzi 32 za Selsiasi ngoja jioni au siku nyingine, na usiifuatanishe na mafuta ndani ya wiki 2.

Kuna uunguaji wa aina nyingine ambao naomba uusome kwa makini. Majani machanga ya nyanya yanakuwa membamba, yanajikunja na kujisokota kama kamba, vikonyo vinapinda kuelekea chini. Siku chache kabla ulipulizia sabuni tu. Nililipata hili kwenye mche mmoja baada ya mwingine, kwa bomba nililolinunua likiwa limetumika, na muuzaji aliniambia lilikuwa la mbolea ya maji. Lilikuwa limebeba dawa ya kuua magugu. Dawa za jamii ya 2,4-D hujificha ndani ya mpira na kwenye gasketi, na nyanya huumia kwa kiasi kidogo mno. Sabuni yangu iliziosha kutoka kwenye mpira na kuzipeleka moja kwa moja kwenye majani. Niling'oa mistari mitatu. Tangu hapo sijawahi kutumia bomba lisilojulikana lilikotoka, na sishauri mtu alioshe akaliamini. Bomba la kilimo hai liwe na alama ya rangi, lisiazimwe kwa kazi ya viuagugu hata siku moja. Kama shamba lako lina cheti, mkaguzi naye atataka kujua vifaa vyako vinatenganishwaje.

Bomba ni zima, lakini wadudu hawafi

Sabuni na mafuta huua kwa kumgusa mdudu. Vidukari, inzi weupe na utitiri wanakaa chini ya jani. Ukipita na fimbo juu, umeosha tu paa la nyumba yao. Bandika vipande vya karatasi ya rangi ya giza chini ya majani machache, pulizia kama kawaida yako, kisha vitazame. Vikiwa vikavu, umepata jibu. Kiwiko cha fimbo kinachoelekeza nozeli juu, pamoja na nozeli ya koni tupu (mnyunyizo wa duara wenye uwazi katikati) kwenye presha ya bar 2 hadi 3, hubadilisha matokeo kuliko kuongeza dawa.

Bt, yaani bakteria Bacillus thuringiensis, lazima iliwe na kiwavi. Haitamuua kidukari hata ukimwogesha, na jua kali huiharibu ndani ya siku chache, kwa hiyo pulizia jioni, viwavi wakiwa wadogo. Mchanganyiko wa mwarobaini utumike siku hiyohiyo uliyouchanganya. Chai ya mboji isichanganywe na maji yenye klorini. Klorini ya kawaida hupungua maji yakikaa wazi siku nzima, ila kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) haiondoki kwa njia hiyo.

Harufu mbaya, ute ndani ya mpira

Hii ni alama ya chai ya mboji iliyolala ndani. Sugua tangi kwa brashi na sabuni, kisha sukuma haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mpaka itokee kwenye nozeli, iache dakika 20, suuza mara tatu. Mpira ambao bado unateleza ndani baada ya hapo ubadilishwe.

Ili usifike huko, kila jioni fanya hivi. Mwaga kilichobaki kwenye shamba ulilokuwa unalipulizia, mbali na kisima na mto. Tia maji safi kidogo, tikisa, yapitishe yote kwenye nozeli. Rudia mara tatu, kwani maji kidogo mara tatu husafisha kuliko maji mengi mara moja. Baada ya mafuta, mara ya kwanza iwe maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo. Baada ya mrututu na chokaa, maliza kwa maji yenye siki kisha maji matupu, hasa kama kuna chuma au shaba popote, maana mrututu hula metali. Toa chujio na nozeli, achia triga ikiwa wazi, lining'inize bomba kichwa chini kivulini, kifuniko kikiwa wazi. Jua la mchana kutwa hukakamaza plastiki ya tangi, na kwenye baridi ya kugandisha, maji yaliyobaki ndani ya pampu huipasua.

Tatizo lilelile linarudi: huenda bomba silo

Ukiwa umebadilisha washa ya pistoni mara tatu kwa msimu mmoja, acha kulitengeneza na ujiulize kama lilifaa kazi yako tangu mwanzo.

Pampu ya pistoni hutoa presha ya juu na mnyunyizo laini. Inafaa sabuni, mwarobaini na Bt. Lakini kila pigo linaburuza washa juu ya ukuta wa silinda, na unga ukiwa katikati unasaga vyote viwili. Pampu ya kiwambo haina msuguano huo. Presha yake ni ya chini kidogo, lakini kwa salfa, kaolini na mchanganyiko wa mrututu na chokaa inaishi miaka ambapo pistoni inaishi msimu. Mchanganyiko huo wa mwisho mtaalamu wa mimea Millardet aliutangaza Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, na mpaka leo tabia yake ni ileile: unatuama, unashika, unakula chuma. Tangi la plastiki na pampu ya kiwambo ndilo jibu langu kwa yeyote anayeutumia mara kwa mara.

Kwa bustani ndogo ya nyumbani, bomba la hewa la lita 2 hadi 5 linatosha, na usibebe lita 16 kwa ajili ya matuta manne. Maji pekee ya bomba la lita 16 ni kilo 16, kabla ya uzito wa bomba lenyewe. Kwa shamba linalochukua matangi mengi kwa siku, betri huokoa bega na kutoa presha isiyoyumba, jambo linaloonekana kwenye majani. Kwa miti mirefu, utahitaji pampu ya mota. Na nadhani mkulima anayepulizia unga na chai ya mboji kwa zamu anafanya vizuri kuwa na mabomba mawili ya kawaida kuliko moja la kifahari.

Kabla ya kulipa, omba kulifungua kwa mikono yako mwenyewe. Je, pampu inatoka bila vyombo maalumu? Pakiti ya washa na oringi inauzwa pamoja nalo, na inaeleza mpira wake ni wa aina gani? Mdomo wa tangi ni mpana kiasi cha mkono na brashi kuingia mpaka sakafuni? Sakafu yenyewe inateremkia kwenye tundu la kuvutia, au ina pembe ambamo salfa italala? Kisha omba maji safi, livae mgongoni, piga pampu na utembee nalo hatua 50 kabla ya kuamua.